Mitungi Miwili ya Darajani

Mimi ni mtu wa bara, tena mbishi tangu tumboni. Nilipotumwa kufundisha shule moja ya msingi mbele ya Griftu, kaskazini kwa wafugaji, kitu cha kwanza nilichogombana nacho hakikuwa joto wala nzi. Kilikuwa mzimu.

Kabla ya shule kuna daraja la zege juu ya laga, mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Wenyeji husimulia kwamba daraja lilipokuwa likijengwa, mwanamke mchunga ngamia alikuja kuomba maji, mafundi wakamwambia angoje wamalize kukoroga zege. Alingoja kivulini mpaka akakata roho. Tangu siku hiyo, jua la saa saba likiwaka, husikika akigonga nguzo kwa kikombe cha bati. Basi kila dereva anayepita humwachia maji kidogo katika mitungi miwili ya manjano iliyofungwa kamba chini ya daraja. Ukiiba, atakufuata mpaka kwako.

Nilicheka mpaka machozi. Niliwaambia watoto hakuna mzimu anayekunywa maji, yale yanakauka tu. Ndani ya mtungi wenye kifuniko, kivulini, yakauke vipi? Mimi, mwalimu wa sayansi, swali hilo sikujiuliza.

Mpishi wa shule alikuwa mwanamke kijana mwenye mimba ya kwanza. Tulizoeana kwa utani. Aliniita mwalimu wa kelele. Kwao mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, akitunzwa na mama yake. Mama yake alikuwa malishoni, huko mtandao haufiki, na alikuwa ametuma salamu kwamba yuko njiani kwa miguu, maana ukame ulikuwa umemaliza punda. Kila asubuhi mpishi aliacha sufuria akaenda kutazama barabara.

"Hooyo anakuja," aliniambia, yaani mama. "Mimi naogoba kuzaa, mwalimu. Lakini yeye akifika, sitaogoba."

Wiki hiyo tangi la shule lilikauka, gari la maji likachelewa, na afisa wa elimu alikuwa ametangaza kuja kutukagua. Nikapanda bodaboda hadi darajani, nikakata kamba kwa kisu, nikaileta mitungi yote miwili mbele ya gwaride la asubuhi.

"Haya, huyo mzimu yuko wapi? Nani amenifuata?"

Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu, rudisha. Hiyo maji iko na watu."

"Watu gani? Majini?"

"Watu ya kutembea. Wallahi, rudisha."

Nilimwambia gari la maji likija nitarudisha. Sikio la kufa halisikii dawa. Mtungi mmoja ulipika chai ya watoto, na hilo ningeweza kulitetea hata mbele ya kadhi. Lakini wa pili, Mungu anisamehe, nilifulia blauzi yangu nyeupe, ili afisa anikute safi. Afisa mwenyewe hakuja.

Siku ya tatu mwenye bodaboda alimkuta mama mzee ameketi chini ya daraja, mgongo kwenye nguzo, kipande cha kamba niliyoikata kikining'inia juu ya kichwa chake. Pajani alikuwa na kibuyu cha samli, samli ya siku arobaini za bintiye. Alikuwa bado anapumua, lakini alikata roho kabla ya kufikishwa zahanati. Wanaotoka malishoni hubeba maji ya kuwafikisha darajani tu, kwa sababu miaka yote wamekuta mitungi pale. Hakuna mwizi aliyethubutu kuigusa, kwa kumwogopa yule mwanamke. Nilithubutu mimi, niliyesoma.

Nilikwenda msibani nikiwa nimeandaa maneno mengi. Badala yake nililia kama mtoto. Mpishi ndiye aliyenishika mkono.

"Ni kadari ya Mungu, mwalimu. Keti."

Laiti angenitukana! Alijifungua siku chache baadaye, msichana, akatunzwa na jirani. Arobaini ilipoisha alirudi jikoni, na kikombe changu cha chai akakijaza pomoni kama zamani. Ila hakuniita tena mwalimu wa kelele.

Mitungi niliirudisha, na kila Ijumaa naijaza mwenyewe. Uhamisho ulikuja mara mbili nikaukataa. Hata hivyo, haijanisaidia kitu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yana miaka saba na mapengo mawili mbele. Msichana yule yuko darasani kwangu, na wiki iliyopita, katika kipindi cha hadithi, alisimama akasimulia kwamba chini ya daraja sasa kuna wanawake wawili. Wa pili ni ayeeyo wake, nyanya yake, aliyenyimwa maji na mwalimu mmoja wa kutoka bara. Alisimulia vizuri, bila kukosea popote.

Halafu akanitazama. "Mwalimu, huyo mwalimu alikuwa nani? Nimeuliza hooyo, amekataa kusema."

Miaka saba mama yake alikuwa amenificha. Lilinibaki neno moja tu la kusema, tena fupi: mimi.

"Sijui," nikamwambia. "Keti. Umesimulia vizuri."