Sakafu ya Chumba cha Mama

Mama yangu alianza kutaka sakafu ya simenti mwaka ambao goti lake la kulia lilikataa kukunjika. Sakafu za nyumba zetu za Itiryo, miaka ile ya hamsini, zilisiribwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na kusiriba ni kazi ya magotini, kila wiki. Ukiacha, funza wanakuingia vidoleni. Mke wa kaka yangu alikuwa amekwisha kumwambia ahamie kwake. Mama alijibu kwamba nyumba aliyojengewa alipoolewa ndimo atakamofia. Basi ikawa ni sakafu au kuhama.

Vigae vya kweli, vile vyenye maua kwenye baraza ya duka moja la Tarime, tulivila kwa macho tu. Mume wangu ndiye aliyevipanga pale, maana alikuwa fundi. Alisema kipo cha watu wa hali yetu: unamwaga simenti yenye rangi nyekundu, unaikata miraba kwa kamba na mwiko ikiwa mbichi, na mgeni akiingia anadhani ni vigae. Shida ni kwamba kwetu Wakurya mkwe hakanyagi chumba cha mama mkwe wake, mwenyewe awepo asiwepo. Hata kuongea naye uso kwa uso ni aibu. Nilimwomba mama afumbe macho siku moja tu, kazi iishe. Akanijibu kwamba heshima si utumwa. Fundi mwingine hatukumudu, kwa hiyo kazi ya ndani ikaniangukia mimi.

Mume wangu alitengeneza vipande vitatu vya kuonyesha juu ya mbao, nami nikavibeba kichwani hadi kwa mama. Kimoja kilikuwa na miraba mikubwa, kingine midogo, cha tatu imekatwa mshazari. Mama alivikanyaga, akavimwagia uji, akavisugua kwa kisigino. Kisha akavikataa vyote. Alitaka ndani ya kila mraba ziwemo zile alama za nusu duara ambazo kiganja cha mwanamke huziacha anaposiriba. Bila hizo, alisema, nyumba inakuwa kama ofisi ya bwana shauri wa serikali.

Nilikasirika, sifichi. Wenzake wanaikimbia samadi, yeye anataka mfano wake kwenye simenti! Nilimwambia ni mkaidi. Akacheka, akasema mimi kusiriba nilikuwa mvivu tangu msichana, ndiyo maana naona kazi.

Siku yenyewe tulitoa kitanda, mume wangu akakoroga simenti uani na kunipitishia karai dirishani, akinielekeza kutoka nyuma ya ukuta. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba. Walisikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipitia kwangu. Mwambie mumeo hii imezidi maji. Mwambie mama simenti si ugali. Nilikuwa narudia maneno ambayo wote wameshayasikia, huku mgongo unaniuma, mpaka nikawaamuru wote wawili wanyamaze.

Mstari wa tano viganja vikaanza kuwaka. Simenti inakula ngozi, haina upole wa samadi. Mume wangu akasema ikishakaza hakuna alama itakayoingia tena. Nikakaa chini nikalia, kwa maumivu na kwa hasira. Mama hakunisema. Alishika fremu ya mlango, akatandika gunia, akajishusha taratibu akiuma mdomo, akaanza kupiga alama kwa kiganja kilekile cha siku zote, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Zilitoka sawasawa kuliko zangu. Niliona haya.

Alipomaliza mraba wa mwisho, goti halikuinuka. Nilimshika kwapani, mikono yangu ikateleza kwa damu. Jirani wote walikuwa shambani kwenye ulezi. Jasho lilimtoka mama, na uso ulibadilika rangi. Akapaza sauti, na safari hii haikupitia kwangu.

"Mwanangu, njoo uniinue."

Mume wangu akaingia amejifunika gunia kichwani hadi kidevuni, mimi nimemshika mkono kama kipofu. Alimbeba mama, akamweka uani kwenye kigoda, akaenda moja kwa moja hadi zizini bila kugeuka.

Siri haikai kijijini. Wazee wa ukoo walisema mkwe amevunja mwiko, atoe mbuzi wa kuondoa aibu. Mume wangu hakubisha. Nilikwenda kwa mama kumweleza, nikiogopa atakavyopokea. Alikuwa anajipaka mafuta gotini, miguu ameinyoosha juu ya sakafu yake.

"Mbuzi atatoka kwangu," alisema. "Yeye hakuingia. Mimi ndiye niliyemwita."

Akanituma nimfungue yule jike mweupe aliyekuwa akimkamua kila asubuhi.