Sukuma Mbichi ya Baba Mkwe

Yule mwanamke alinichefua tangu siku ya kwanza, na kisa chenyewe kilikuwa bakuli la majani mabichi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikuwa tunakaa Mbeya mjini, mume wangu akifanya kazi kwenye reli iliyokuwa inajengwa. Baba yake akaletwa kutoka Rungwe kutibiwa, akafikia kwetu. Sasa mtu wa kwetu Unyakyusa anajua maana yake. Mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Humtazami usoni, humsalimii, hukutani naye njiani. Chumba cha mbele kikawa chake, mimi nikawa mtu wa mlango wa nyuma. Akitoka kuota jua, najibanza kwenye banda la jikoni mpaka wifi yangu akohoe kunijulisha kwamba njia nyeupe. Wifi huyo, dada wa mume wangu, ndiye aliyekuja na mzee kumuuguza, na chakula alikuwa anampelekea yeye.

Nilipika, jamani! Ndizi za nyama, maharage, kuku wa mchuzi. Sahani zinarudi zimeguswa pembeni tu. "Anasema mdomo mchungu," wifi ananiambia, kama vile mdomo huo nimeuharibu mimi. Nilichotaka ni neno moja: mzee kala, kashukuru. Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ndoa na sijawahi kusikia kwamba mzee yule anajua kuwa nipo. Neno moja lingenitosha.

Ndipo akaja mke wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mhehe wa Iringa, kalelewa na masista karibu na Tosamaganga. Walifunga ndoa hukohuko kanisani, haraka haraka, wazee wa huku wakapata habari baadaye. Alishuka kwenye basi na tenga la nyanya alizonunua njiani, na furushi la sukuma wiki kwenye khanga. Nikamwonya mapema.

"Mke mwenzangu, mzee yuko mbele. Sisi tunapita huku nyuma."

"Mgonjwa anakimbiwa?" akasema. "Ngoja nikamwamkie."

Akaenda! Nikabaki nimeshika mdomo, nikingojea mzee ajifunike uso, apige kelele nyumba ijae watu. Wapi! Nikasikia anamkaribisha kiti.

Mchana akaniomba bakuli na kisu. Akatoa ule uti mgumu wa katikati ya jani, akayakunja majani kama anasokota sigara, akakata nyembamba mno. Akatia chumvi, akakamulia limau, halafu akaingiza mikono yote miwili akakanda kama anafua soksi. Mpaka majani yakalegea, yakang'aa, yakapungua nusu. Moto hayakuuona. Ndipo akatia kitunguu na nyanya, akavurugia humo parachichi lililoiva mpaka likashika kila jani, mwisho karanga za kukaanga zilizotwangwa kidogo tu. Nilionja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma roho.

"Kwetu majani mabichi ni ya mbuzi," nikamwambia.

"Basi leo tunamlisha beberu," akajibu, akalibeba bakuli mwenyewe mpaka mbele.

Likarudi tupu. Kesho yake tupu, keshokutwa tupu. Mume wangu naye, bila haya, akaniambia jioni, "Si umwombe mwenzako akufundishe?" Nilinuna mpaka shavu likauma. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji mimi nilikuwa nataka kufa! Nilikuwa nikimtazama anavyovuka ule mlango, anaingia na kutoka chumba cha mbele kama kwake, na wivu ulikuwa unanichoma huku nimeshika mwiko.

Jumapili akaenda kanisani. Nikasema, hii ndiyo siku yangu. Nikachuma sukuma za nyuma ya nyumba. Nikatoa uti, nikakata, nikatia chumvi na limau, nikakanda kwa hasira zangu zote. Lakini majani yangu yalikuwa yamekomaa, magumu, yananitazama tu. Basi nikafanya anachofanya kila mwanamke wa kwetu mboga ikiwa ngumu: nikachota magadi. Loo, yakalainika! Yakawa na ukijani wa kupendeza kweli. Nikamkabidhi wifi bila hata kuonja, kisha nikajibanza nje, chini ya dirisha la mzee.

Mwenzangu akarudi, akaenda moja kwa moja kumwamkia mzee. Akakuta bakuli liko mbele yake. Nikasikia sauti ya mzee.

"Nani kanilisha sabuni?"

Kabla wifi hajafungua mdomo, yule Mhehe akadakia. "Nisamehe baba, ni mimi. Mkono umeteleza."

Mama yangu! Hata kosa langu alitaka kulichukua yeye! Nilitamani nipige ukelele pale nje kwamba ni langu, niachiwe. Lakini nitamsemesha vipi baba mkwe?

"Usinidanganye, binti," mzee akasema. "Haya ni magadi. Hao masista wako wanatia magadi kwenye majani mabichi? Huu ni mkono wa mkwe wangu."

Halafu nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Anakula. Anakohoa, anakula.

"Mwambieni nimekula," akasema. "Mwambieni ahsante, mwanangu." Kisha akamwambia yule Mhehe kwa upole uleule. "Na wewe usiudhike. Wewe tunakaa hapa tunaongea kwa sababu ng'ombe zako za mahari bado ziko zizini kwangu. Wewe ni mgeni wetu. Yule ndiye mkwe, ndiyo maana siwezi kumtazama."

Neno langu nikalipata! Nilirudi bandani nikitembea kama niliyevaa viatu vipya. Punde mwenzangu akaingia, akakaa kwenye kigoda, khanga ya kanisani bado iko mabegani.

"Kumbe mimi mgeni," akasema. "Na siku zote hizi najiita mke wa mtu."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilimmiminia chai nikiwa nimefurahi.

Mwaka uliofuata ng'ombe zilipelekwa Iringa. Mzee alipokuja tena Mbeya, mwenzangu naye akaja, na safari hii alipita mlango wa nyuma, kichwa kakiinamisha. Tukawa wawili bandani, yeye anakanda majani, mimi namenya parachichi. Wifi akapeleka bakuli. Tukasikiliza kijiko kule mbele.

"Sasa hivi amefumba jicho moja," mwenzangu akasema taratibu. "Limau likimkolea huwa anafumba la kushoto. Halafu anafuta ndevu kwa kiganja."

Alikuwa anautazama ukuta na kutabasamu, kama anamwona. Mimi nilitazama ukuta uleule. Nikaona udongo.