Tamthilia ya Saa Kumi na Sahani za Watu

Baba alipofariki, mama alikaa eda katika nyumba yetu ya Dunda, nami nikaomba likizo kazini Dar nikae naye zile wiki za mwisho. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulitazama tamthilia ya familia iliyouza nyumba yake jijini ikahamia mji mdogo. Shangazi mmoja alisema mjane hafai kutazama mambo hayo. Mama akamjibu kuwa amekatazwa kutoka, hajakatazwa kugombana na televisheni.

Na aligombana nayo kwelikweli. Siku yule baba wa kwenye tamthilia alipotangaza mezani kwamba wanahama, mkewe kaduwaa na kijiko mkononi, mama aliruka.

"Hajamuuliza! Mtu anahamishwa kama kabati!"

Mimi niliinamia chai yangu. Kaka zangu wawili nami tulishakubaliana kuwa eda ikiisha, mama anakuja kuishi kwangu Dar, na nyumba inapangishwa. Kazi ya kumwambia niliachiwa mimi. Kila siku nilisema kesho, na siku zilikuwa zimebaki tisa.

Nikaona nianze na kazi ndogondogo, kimyakimya. Jikoni kulijaa sahani na mabakuli ya majirani, vyombo walivyotuletea chakula tangu msibani. Niliviosha vyote, nikavipanga kwenye beseni, nikavirudisha mtaa mzima kwa asubuhi moja, na vya kwetu nikavichukua. Nilijiona mjanja! Miaka kumi na tano ya Dar ilikuwa imenisahaulisha jambo analolijua kila mtoto wa mtaani kwetu: sahani ya jirani hairudi tupu, wala hazirudi zote kwa pamoja. Siku zote chao kimoja kinabaki kwako, na chako kwao. Anayerudisha vyote anaaga.

Siku hiyohiyo saa kumi, tamthilia ndiyo kwanza imeanza, jirani wa nyumba ya pili akapiga hodi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi mkekani karibu na mama.

"Shoga, mnahama na huniambii?"

"Nani anahama?"

"Mwanao kazunguka na beseni asubuhi. Hata bakuli langu la tambi kalirudisha, tupu."

Mama akacheka, akasema mtoto huyu Dar imemharibu, hana adabu tena, akageuza mazungumzo. Alinisitiri mbele ya mtu, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea. Jirani alipoondoka, akapunguza sauti ya televisheni.

"Mlikubaliana lini?"

"Siku ya arobaini ya baba."

"Wapi?"

"Humuhumu. Chumba cha nyuma."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Chumbani kwako, mama."

Ukuta mmoja tu ulitutenganisha naye siku ile.

"Nimefiwa na mume," alisema. "Sikufa mimi."

Nikaanza kueleza habari ya presha yake, na kisima, na mlango wa uani usiofungika. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Wazo la nani?"

Ningeweza kumsingizia kaka mkubwa. Mabega yake mapana, angelibeba.

"Langu. Naogopa, mama. Simu ikilia alfajiri natetemeka kabla sijaipokea."

Nilitamani alie, maana hapo ningejua la kufanya.

"Hata mimi naiogopa nyumba hii bila baba yako," alisema. "Tangu msiba nangoja mmoja wenu aje aniambie, mama, njoo ukae kwangu. Ungeniuliza, ningekuja."

"Basi nakuuliza sasa, mama. Njoo."

"Sasa siji," alisema, akaongeza sauti ya televisheni.