Mbigili Nyuma ya Jiko

Kipepeo mwenyewe nilikwisha kumtambua: hazidi ukucha wa kidole gumba, juu bluu yenye ukingo mweusi, chini kijivu chenye madoa. Huruka chinichini kwenye nyasi, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama nyuma ya jiko langu hapa Dodoma mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza hereni. Siku moja nikamwona jike akitaga kwenye mbigili. Mbigili, jamani! Miiba ileile inayotoboa kandambili na kuliza watoto. Tangu hapo nikakataa katakata kuing'oa.

Kilichoninyima raha ni kimoja. Wale viwavi wa kijani niliowakuta baadaye, ni watoto wake kweli au wa mdudu mwingine? Nilitaka kumwona akitoka, kwa macho yangu. Mara mbili viwavi wakatoweka. Nikawalaumu sisimizi waliokuwa wakiwapanda mgongoni, nikawamwagia majivu kwa hasira.

Ndipo akaja mama mkwe kutoka kijijini, mfugaji wa Kigogo asiyevumilia uwanja wenye magugu. Alfajiri nikasikia jembe. Nikatoka mbio, khanga nimeishika mkononi.

"Shikamoo mama, usilime hapo!"

Loo, mkamwana kumkemea mkwe! Nilitamani ardhi inimeze. Kwa aibu nikamwonyesha kiwavi, sisimizi na majivu yangu.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hawamli huyo. Wanamkamua! Tazama, wanampapasa, anatoa tone, wanalamba. Umefukuza wachungaji, ng'ombe atapona vipi?"

Kusoma kwangu kote vitabu vya vipepeo, na sikuwa nimeliona hilo. Nikafagia majivu. Sisimizi wakarudi, kiwavi akanenepa, akajibanza chini ya jani akawa pupa, ametulia ndani ya ganda kama punje ya mpunga. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa siku tatu tu. Sasa akasema haondoki ng'o. Kila asubuhi alipeleka kigoda chake pale.

Nilikuwa kikaoni, ofisini Mtumba, simu ilipoita.

"Ametoka! Bluu, ukingo mweusi, chini madoa. Ndiye!"

"Mama, mzuie basi, nakuja!"

"Nimzuie na nini? Ameshakausha mabawa, ameshakwenda."

"Mbona hukunipigia mapema?"

"Niache kutazama?"

Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanitoka, huku nacheka kama mwehu. Nikatoka kikaoni.

"Usilie," akasema. "Kaa nikuhadithie. Ganda lilipopasuka, kwanza ulichomoza mguu mmoja..."

Nikakaa kwenye ngazi za ofisi, simu sikioni. Kikao kikaendelea bila mimi.