Orodha Yenye Matundu

Mkono uliofika Kisumu mwezi ule ulikuwa na vidole vitano kamili. Hapo ndipo nilipojua lazima niende Kampala, kwa sababu Musa ana vinne na nusu. Kile kidogo kilikatwa na makasi ya dukani kwao Mengo, na kwenye kila bahasha aliyonitumia aliuchora mkono wake kwa kuuzungushia kalamu, kidole kifupi kikiwa kifupi, bila aibu.

Niwaeleze kwanza, maana najua mtacheka kwamba nilikwenda kutafuta mkono. Kuna watu duniani wanafanya sanaa ya posta. Unachora kitu, unakitia bahasha, unamtumia mtu hujawahi kumwona. Bahasha yenyewe ni mchoro, na muhuri unajichongea kwa soli ya kandambili. Hakuna kiingilio, hakuna kuuza, hakuna kurudishiwa, hakuna bwana mkubwa wa kusema hii nzuri, hii takataka. Kinachofika kinatundikwa chote. Na kila aliyetuma, hata kama ni fundi wa kuandika vibao asiyekanyaga shule ya kuchora kama mimi, anapelekewa orodha ya majina na anwani za wenzake wote. Hiyo ndiyo shukrani yake: kujua hayuko peke yake. Musa alikuwa ameita watu watume mikono. Hatukuwahi kuonana, lakini mtu akimtukana Musa mbele yangu, tunapigana.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi la Busia. Mpakani nikabadilisha, na upande wa pili nikakuta kitu sijakizoea: basi zima limenyamaza. Hata kuku chini ya viti walikuwa kimya, naapa.

Baada ya Jinja, kizuizi katikati ya msitu. Askari akapanda, akawa anapita akitazama viatu. Si nyuso, viatu. Akasimama kwangu.

"Wewe natoka wapi?"

"Kisumu."

"Nakwenda kwa nani?"

Nilitaka kumwambia hiyo haimhusu. Mama aliyekaa kando yangu akanifinya paja bila kunitazama.

"Kwa shangazi," nikasema.

"Kiatu mzuri," akasema, akashuka. Na mwanamume wa kiti cha mbele yangu akainuka, akamfuata. Hakuna aliyemwita. Aliinuka tu, kofia yake akaiacha kitini, na basi likaondoka. Ile kofia haikuguswa na mtu mpaka Kampala.

Saa kumi jioni nilifika Mengo. Dukani nikamkuta Zuhura, dada yake Musa, anapima kitambaa. Kwao ni Waislamu waliotoka pwani na biashara zamani sana, Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu.

"Karibu, kijana wa Kisumu," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Umenijuaje, dada?"

"Nani mwingine angekuja na rangi kwenye kucha? Pita ndani. Usisimame mlangoni."

Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa mikono. Ya Japani, ya Brazili, ya Polandi, nyekundu, ya kuchoma kwa pasi, mmoja umefumwa kwa nywele. Ilikuwa inaning'inia kwenye nyuzi, na mlango ulipofunguka yote ikageuka kidogo upande wetu, kama watu wamesikia jina lao.

"Musa yuko wapi?"

"Amekwenda Masaka."

Jirani akaingia na chai. "Musa? Yuko Jinja, bambi, masikini, kwa kazi."

"Ndiyo, Jinja," Zuhura akaitikia, tabasamu lile lile, sauti ile ile.

Jirani alipotoka nikasema, "Dada, mimi si mtoto. Mkono ulionitumia si wa Musa."

Akaweka wake mezani, akatanua vidole. Vitano.

"Ni wangu," akasema. "Gari lilisimama hapo mbele saa nne asubuhi, watu wananunua. Wa garini wakamwita Musa kwa jina, kwa upole kabisa. Wakamtia kwenye buti. Mteja akaniambia, endelea kupima, nnyabo. Nikaendelea kupima." Akavuta kikombe, hakunywa. "Wiki tatu. Barua zinaendelea kuja. Nikiacha kuzijibu itakuwa kama nimekubali."

"Walitaka nini?"

"Orodha. Wanasema watu sitini wa nchi mbalimbali wanapelekeana alama za mikono, hilo ni jeshi gani?"

Hawakuipata. Musa alikuwa ameiviringisha ndani ya jora la sanda. Hakuna mtu anayependa kulifunua jora lile, hata askari.

Sasa mtu mwenye akili angesema pole, angekaa kimya. Mimi damu ikapanda.

"Basi tuitume! Musa aliahidi. Waone kwamba hawakumnyamazisha!"

"Teremsha sauti. Kumi na mmoja kwenye orodha ni wa nchi hii. Kuna nesi. Kuna mwalimu."

"Lakini bahasha zinakwenda nje, dada. Nani atazifungua? Kijapani wanakijua?"

"Uzitume ukifika kwenu."

"Kwetu? Maonyesho ni ya Kampala! Lazima zigongwe muhuri wa posta ya Kampala, la sivyo si zake!"

Ujinga huo hamtaupata kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa sisi watu wa bahasha. Wino wa posta kwetu ni nusu ya mchoro. Nilipiga kelele mpaka nikasikia dirisha la jirani linafungwa, taratibu. Zuhura akaufunga mlango.

"Na mimi nataka ahadi yake itimie," akasema. "Kale, haya basi. Kesho."

Asubuhi yake tulinakili kwa karatasi za kaboni mpaka vidole vikawa vya buluu. Saa tano tulikuwa posta, bahasha zote kwenye mkoba wangu. Zuhura alikuwa amenionya nisiseme neno. Nikamwambia karani nataka stempu, na kama kuna barua za sanduku la Musa, anipe.

Karani hakuuliza mimi ni nani. Mikono yake ilikuwa chini ya kaunta, na haikutoka huko. Akautazama wangu, uliokuwa umeegemea mkoba.

"Kisumu," akasema polepole, kama anasoma. "Mkubwa kuliko nilivyodhani."

Akainama, akanisukumia bahasha moja kwa rula. Halafu akafunga kidirisha chake. Watu nyuma yetu wakahamia foleni nyingine bila kunung'unika.

Tuliifungua nyuma ya jengo, juani. Ilikuwa barua yangu mwenyewe kwa Musa, ya mwezi uliopita, imefunguliwa na kugandishwa tena vizuri kabisa. Ndani ya mkono wangu niliouchora kwa wino, mtu alikuwa amechora wake kwa penseli. Umetoshea ndani bila kugusa ukingo. Na kwenye kiganja, herufi ndogo: *Orodha isipite hapa. Natakiwa kuisoma.*

Nilitaka kurudi kumshika kola. Zuhura alinishika shati kwa ngumi.

"Ni mmoja wao," nikasema.

"Ni mmoja wao. Na ametuma mkono."

"Kama ni mtego?"

"Anayekutega atakuambia usiingie? Twende nyumbani, mdogo wangu. Usikimbie."

Tulitembea. Kila hatua nilihisi ule mkoba unapumua.

Mchana huo Zuhura alichukua makasi ya dukani, akakata mistari kumi na moja kutoka kila nakala. Si kufuta, kukata. Vipande akavichoma jikoni kimoja kimoja, akilisoma kila jina kwa midomo tu. Mkono wa penseli akanipa niondoke nao. Mikono mingine alikataa kuiteremsha.

"Wakija tena?" nikamwuliza.

"Musa akirudi atauliza iko wapi."

Siku ya tatu nikashika njia ya kurudi. Zuhura alikuwa amenipa futi, chaki na vipande vya kaki. Kwenye kizuizi askari akachomoa karatasi moja yenye matundu.

"Hii nini?"

"Patani ya shati, afande. Mimi ni fundi cherehani."

Akaiinua usoni. Jicho lake likanitazama kupitia tundu la jina la yule nesi. Lilikaa pale bila kupepesa, nami nikaendelea kuviringisha futi.

"Shati ya mtu mdogo," akasema, akanirudishia.

Nimezituma kutoka Kisumu, kwa muhuri wa Kisumu, na hazina ule wino ambao nilikuwa tayari wengine wauawe kwa ajili yake. Mkono wa penseli nimeutundika pamoja na yangu, kwa sababu kinachofika kinatundikwa, na bado sijui kama ningempa karani mwenyewe salamu. Nilichojifunza ni kwamba nilikwenda kumtetea Musa kwa mdomo, na mdomo ndio uliokaribia kuwamaliza waliobaki. Musa hajarudi. Majibu yameanza kuja. Huko Japani wanauliza matundu ni ya akina nani, nanyi hapa mtaani mnaniuliza duka liko upande gani wa Mengo. Msiniulize. Huyo dada haitwi Zuhura, dukani kwao hawauzi kitambaa, na jina la Musa nimempa mimi.