Kikombe cha Bati cha Mama

Mama yangu alikuwa hatoki nyumbani bila kikombe chake cha bati. Alikifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni, upande wa kushoto, na mtu asiyemjua angedhani amebeba simu. Sisi ni Batwa wa Burundi. Mlimani alikozaliwa, watu wetu ndio waliofinyanga vyungu vya majirani wote, na vyungu hivyo vilitumika kupikia na kubebea pombe mpaka kwenye harusi za watu wakubwa. Lakini mfinyanzi mwenyewe akifika kwenye sherehe alikaa uani, akanyweshwa kwa kibuyu kilichopasuka, na akishaondoka kibuyu kilitupwa. Mama alichoka kuona vibuyu vikitupwa kwa ajili yake, akajinunulia kikombe.

"Sipende kupatia watu shida," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa nakereka mpaka nashindwa kumaliza chakula.

Tulipohamia Carama, kule pembeni mwa Bujumbura yanakoanzia mashamba, kikombe kilihama naye. Mimi nilijifunza kushona, nikapata kazi kwenye karakana moja ya Cibitoke inayoshona nguo za harusi. Asubuhi tukipumzika tulikunywa chai. Vikombe vilikuwa viwili tu kwa wanawake wote, vikizunguka mkono kwa mkono, na mimi nilivipenda vikombe vile kuliko mshahara. Hakuna aliyewahi kuniuliza kabila. Bujumbura watu hawaulizi. Wanakutazama pua, wanakupima urefu, wanataka kujua baba yako alitoka mlima upi, halafu wanajijibu wenyewe. Mimi ni mrefu kidogo, kwa hiyo walikuwa wamejijibu vibaya, nami sikuona kwa nini niwasahihishe.

Mchumba wangu, mwalimu wa shule moja ya Kamenge, yeye nilimwambia mapema kabisa, kabla moyo haujaenda mbali. Akacheka.

"Chérie, hiyo ni mambo ya zamani. Mi naoa we, sioe kabila."

Nikamwamini. Nadhani hata yeye alijiamini. Nilichotaka hakikuwa kikubwa: niolewe mbele za watu, na mama yangu awe amekaa kwenye kiti kama mama wa bibi harusi yeyote. Lakini siku ya dot ilipokaribia, siku ambayo familia yake ingekuja kuniomba rasmi, alianza kuzungukazunguka na maneno. Mwishowe akauliza kama jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, hawezi kukaa pale badala ya mama.

"Kwenu wanajua?" nikamuuliza.

"Nitabaambia. Nyuma ya dot."

Nikamwambia kwamba mama yangu asipokuwepo, hakuna dot. Akanywea, akakubali. Ndipo nikaanza kumwandaa mama. Nilimtafutia imvutano, lile vazi la heshima la mama zetu, na viatu vilivyomkaa. Nilimwomba asiongee sana, kwa sababu Kirundi chake kinavuta maneno kwa namna ambayo Mrundi yeyote anaitambua mara moja. Alikubali kila kitu. Niliangalia kichwa chake, kucha zake, hata namna ya kukaa. Kikombe hakikunijia akilini. Nilikuwa nimekiona maisha yangu yote, na kitu cha namna hiyo macho hayakioni tena.

Siku yenyewe ilianza vizuri, vizuri mno. Familia mbili zilikaa chini ya hema zikitazamana. Wenzangu wote wa karakana walikuwepo, wamependeza. Msemaji wao akaomba, msemaji wetu akadai nyumba hii haina msichana, wakashindana kwa mafumbo ya ng'ombe mpaka watu wanafuta machozi kwa kucheka. Walipokubaliana, chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, kiliwekwa katikati na mirija mirefu ndani yake. Wazee wa pande zote wanainama, wanavuta pombe pamoja. Mliokunywa chungu kimoja mmekwisha kuwa ndugu.

Hapo mama wa mchumba wangu, mwanamke mnene mwenye furaha ya kweli, akafanya jambo ambalo halikupangwa. Aliinuka, akamshika mama mkono.

"Mama, kuya. Tunywe pamoja. Leo tuko dada."

Akampa mrija. Mama alitabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni pake. Alisogea, akasimama hatua moja kabla ya chungu, na mkono wake wenyewe, bila kumuuliza, ukaenda kiunoni. Alifungua pindo. Akatoa kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akangoja kumiminiwa.

Baba mdogo wa mchumba wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alichomoa mrija wake polepole, akafuta midomo kwa leso. Mwingine akachomoa. Kisha mwingine. Hakuna aliyetutukana, na Mungu anisamehe, niliomba mtu atutukane ili nipate cha kujibu. Mama mkwe alikuwa anautazama mkono wake, ule uliokuwa umemshika mama.

"Pombe imepata joto," akasema kwa sauti ndogo. "Tuiache kwanza."

Msemaji wao akasema watarudi kupanga tarehe. Mchumba wangu alikuwa anafunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Na mama bado amesimama na kikombe kitupu. Nilimchukua, nikamrudisha kwenye kiti.

"Nimefanya nini, mwanangu?" akaninong'oneza. Nikamwambia hakuna kitu. Ningemwambia nini? Kwamba hawakuhitaji hata kumfukuza, kwa sababu aliwatangulia kujifukuza mwenyewe, tena kwa adabu, kama alivyofundishwa tangu utotoni?

Mchumba alipiga simu. "Mi sina problème na we. Ni familia. Tungoje kidogo." Nilingoja. Hakupiga tena, na nilipopiga mimi hakupokea. Nililia mpaka nikajichukia, halafu nikarudi kazini, kwa sababu nguo za harusi za wengine zilikuwa zinangoja.

Saa ya chai ilipofika, mama mwenye karakana aliniwekea mbele yangu kikombe kipya cha plastiki, chekundu, karatasi ya bei ya dukani ikiwa imebanduka nusu.

"Hii ni ya we peke yako," akasema. "Ni mambo ya hygiène tu, ya usafi. Usifikirie mubaya."

Wenzangu waliinamia cherehani zao kama watu wanaotafuta sindano. Nilitaka kummwagia chai ile usoni. Badala yake nikasikia kinywa changu kikisema asante, kwa sauti ya mama yangu.

Jioni nilikitia kikombe mkobani, kwa kuogopa kukikuta kesho yake sakafuni karibu na ndoo ya deki. Nyumbani mama alikiona nilipokuwa natoa funguo. Alikichukua, akakiosha, akakikausha vizuri, kisha akaingia chumbani na kurudi na kipande cha kitenge chake cha zamani.

"Funga ku upande wa kushoto," akasema. "Pale haisumbue ukitembea."