Mto wa Kukalia wa Mama Glory

Jamani, leo kiwandani mgeni kakalia mto wa Mama Glory!

Sisi washonaji tunakaa kwenye mabenchi ya mbao kutwa nzima, kwa hiyo kila mmoja kajishonea mto wake wa kukalia.

Leo tulikuwa na ugeni. Supavaiza akaikusanya mito yote, akaifungia stoo. Eti inaleta uchafu.

Mgeni ni mama mtu mzima, mnunuzi wa nguo kutoka Dar. Akazunguka mpaka akachoka, akakaa kwenye benchi letu. Haikupita muda akaanza kujishika kiuno.

Supavaiza mbio stoo, akamletea mto. Ule wa kitambaa cha maua kilichonunuliwa soko la Kwa Mrombo. Wa Mama Glory, mjamzito wetu!

Mgeni akasifia: "Kumbe mnawajali wafanyakazi."

Mama Glory akasimama. "Shikamoo mama. Huo mto ni wangu, naomba unirudishie. Mgongo unaniuma."

Weee!

Mgeni akainuka, akampa kwa mikono miwili. "Na wenzako, yao iko wapi?"

Tumerudishiwa yote.

Ila Mama Glory kaambiwa na supavaiza kesho asubuhi aanzie ofisini.

Nyie mngemwacha aende peke yake?

Sisi tunaenda naye laini yetu nzima ya ushonaji, kila mtu na mto wake kwapani.